Kufungua

Shangazi Bishni alikataa kubebwa.
Wabebaji walimsogezea kiti chao, wakataja bei,
wakaishusha, wakaishusha tena,
naye akakaza ushungi, akavua viatu, akanipa.
"Mara ya kwanza nilipanda kwa miguu yangu.
Habari ya deni haizungumzwi
juu ya mabega ya watu."

Ngazi za Mama Dhura ni elfu moja na mia mbili na ushei.
Kila jiwe lina jina la aliyelilipia:
kanali mstaafu, mjane wa Ranikhet,
duka la vyuma la Lachham na Wanawe.
Tunakanyaga majina.
Ya chini yamelika zaidi ya yale ya juu,
maana wanaoanza ni wengi.

Mbele yetu kijana aliipima njia kwa mwili wake:
alilala kifudifudi, akainuka, akasogea, akalala,
kama kiwavi juu ya jani,
na mama yake nyuma, chupa ya maji kwapani,
akimpangusa vumbi kifuani kila ainukapo
kana kwamba hatalala tena.

Tulipoiacha mierezi chini yetu
upepo ulituletea kengele kabla ya hekalu.

Hekalu lenyewe si kubwa. Mlango wake mfupi
huinamisha kila mtu, hata ofisa wa misitu na kofia yake.
Ndani hamna sanamu: jiwe tu,
kiasi cha ndama aliyelala,
limepakwa wekundu juu ya wekundu,
na macho mawili ya fedha yasiyojua kope.
Kuhani alisema lina miaka elfu mbili.
Muuza nazi alisema elfu tano,
na nazi zake nazo zilikuwa ghali.

Nyuma, kwenye uzio, ndiko ziliko nyuzi.
Hapo, miaka thelathini na mmoja iliyopita,
Shangazi alifunga uzi mwekundu,
akafunga na kula,
siku tisa za viazi na maji,
ili ajifungue.
Ukipewa, unarudi kufungua: ndiyo kanuni.
Hakupewa.
Mke wa kaka yake alijifungua mara tano;
wa tano ni mimi.

"Sasa unafungua nini, Shangazi, naye hakukupa?"

"Ndiyo maana.
Miaka yote hii amelipakata ombi langu
kama abiria aliyeshikishwa mtoto wa mwenziwe,
hajui mwenye mtoto atashuka wapi.
Mwache apumzishe mikono."

Alikumbuka nguzo ya tatu, karibu na mti wa buransi.
Mti ulikuwepo, umechanua mwekundu hadi aibu.
Nguzo zilikuwa mpya, za chuma cha pua,
na nyuzi za zamani zilikuwa nyeupe zote,
maelfu, zimekamatana kama nywele za kitanda cha mgonjwa.
Alipapasa. Alisoma mafundo kwa vidole
jinsi anavyochambua dengu, bila haraka,
hadi akalishika moja, akaliinamia,
akaling'ata kwa meno yake ya upande mmoja.
Likaachia.

"Na kama huo ulikuwa wa mtu mwingine?"
"Basi mtu huyo amepata."

Alicheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka,
akabaki ameukunja uzi kiganjani
huku tumbili akimvizia kipande cha nazi.
Alimgawia nusu. Nusu aliila amesimama,
papo hapo, kabla ya jua kushuka,
kabla ya siku ya tisa:
akafungua.

Wabebaji walikuwa wametufuata polepole na kiti kitupu,
wanaijua biashara yao.
Kushuka, alikubali.
Walimgeuza, mgongo bondeni, uso kileleni,
ndivyo wanavyowateremsha watu pale
ili wasiogope.
Mimi nilitangulia, viatu vyake mkononi,
jiwe kwa jiwe, jina kwa jina,
kwa hiyo uso wake sikuuona.