Taulo

Bafalo, mwezi wa pili. Ziwa limeganda,
maegesho ya hospitali ni chumvi na tope jeusi.
Nimetia sahihi, nimebandika beji ya mkalimani.
Wodi ya saba, kitanda cha dirishani:
Mama Nabintu, mzaliwa wa Uvira,
figo zimegoma.

Daktari Kowalczyk ni mtu mwema. Amevuta kiti,
amekaa kweli, si kukaa kwa kuibia saa jicho.
Anasema: hatutaki kutupa taulo.

Taulo gani?
Mama anaangalia mlango wa bafu.
Najua lilikotoka. Ulingoni, kocha akiona damu imezidi
hulirusha katikati, basi, yamekwisha.
Lakini huyu ndondi hajawahi kuziona,
ila zile za foleni ya unga.
Nikasema: hataki tukate tamaa.
Ikapita.

Akasema potasiamu imetutupia mpira wa kupinda.
Nikasema: damu imetugeuka.
Akasema hata kituo cha kwanza hatujafika.
Nikasema: bado tuko mlangoni.
Akasema sasa mpira uko upande wako wa uwanja
(tenisi, jamani, kwa mwenye sindano mikono yote miwili)
nikasema: uamuzi ni wako, mama.

Kila alichorusha nilikidaka, nikakivua jezi,
nikakikabidhi kikiwa uchi.
Ndiyo kazi. Dola ishirini na mbili kwa saa.
Ila njiani kuna kitu kilikuwa kinamwagika.
Mtu mzima yule alikuwa anajificha mchezoni
asije akalitamka neno lenyewe,
na mimi, kila mara, nalitamka.

Halafu akainama. Akasema
tuko awamu ya tisa, nusu ya mwisho.

Nikatafuta. Lala salama, kama wasemavyo watangazaji,
ikanijia ulimini, nikaimeza:
huwezi kumwambia mgonjwa hivyo.
Nikasema: Mama, tuko dakika za majeruhi.

Akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu
akajiinua kwa kiwiko.
"Nyarugusu, miaka kumi na sita, nina redio ya betri.
Dakika za majeruhi ndipo nilipoacha kuchambua maharage.
Mwulize, refa ameongeza ngapi?"

Nikauliza. Daktari akanitazama: refa nani?
Mchezo wake hauna saa,
unachezwa mpaka umalizike wenyewe.
Nikamweleza mama hivyo.
Akanyamaza kidogo, akavuta blanketi.
"Basi mwambie asinipige danadana."

Hapo nilikwama mimi.
Mpira juu ya goti, juu ya paji la uso, juu ya goti,
hauanguki, hauendi popote, na watu wanapiga makofi:
lugha yao ina neno gani kwa hilo?
Nikachukua roli ya bandeji mezani,
nikaipiga kwa goti. Moja. Mbili.
Ya tatu ikaponyoka, ikabingirika chini ya kitanda
ikiacha mkia mweupe sakafuni.

Hakuna aliyeiokota.
Daktari akaweka kalamu mfukoni,
akainua mikono, akatandaza vidole
kama mwamuzi wa akiba anyanyuapo kibao kando ya mstari:
sita.

Mama alivihesabu mwenyewe, kimoja kimoja.
Kilichobaki kutafsiri
kilikuwa neno moja: wiki.