Hodi, Ghorofa ya Nne

Neno la kwanza lililonifaa Trieste
ni permesso.
Unalitamka kwenye kizingiti cha mtu, kabla mguu haujavuka,
nami nikacheka moyoni: kumbe nao wana hodi!
Kisha nikalikuta neno hilohilo posta,
limepigwa chapa kwenye bahasha yenye mistari ya manjano:
permesso ya kuishi. Picha nne,
stempu ya yuro kumi na sita,
na pale hakuna anayejibu karibu.
Kuna mashine inayotema namba.
Yangu A mia na saba. Ukutani, A arobaini na tatu.
Mbele yangu mama wa Kiukraini anafuma soksi.
Keshajua hodi ya hapa huchukua soksi ngapi.

Kitabu changu cha Kiitaliano hakikuniambia yote.
Katika mji huu kahawa yenye maziwa kidogo ni capo,
yaani bosi,
na kahawa tupu ni nero,
yaani mweusi.
Juma la kwanza, baa ya chini ya nyumba,
mhudumu akapaza sauti: "Un nero!"
Nikageuka.
Nikageuka mwili mzima, na begi, na koti la kuazima,
uso nimeukunja, tayari kwa lolote.
Kumbe kikombe.
Kimekaa kaunta, kinafuka mvuke,
mzee mmoja akakimaliza kwa mafunda mawili, akaenda zake.
Hakuna aliyeniangalia.
Sijui hadi leo kama hilo lilinipoza au lilinichoma.

Profesa Furlan huzungumza kama anayekimbiza basi.
Chokaa, anasema. Mapango chini ya miguu yetu.
Mto unaozama ardhini, ukaibuka kilomita arobaini mbele,
na hakuna aijuaye njia yake yote huko gizani.
Daftarini nimeandika: mto. giza. 40.
Yaliyobaki ni vistari vya kalamu iliyokata tamaa.
Jioni mama akapiga simu: Leo umejifunza nini?
Nikamwambia, kuna mto.
Akasema, Na umekula?

Bora, upepo wao, ulikuja Novemba, usiku wa Jumanne,
bila permesso.
Uliangusha pikipiki safu nzima,
ukautundika mwavuli wa mtu juu ya taa ya barabarani.
Asubuhi Signora Nives, mwenye nyumba,
miaka themanini na mmoja, akanikagua mlangoni.
"Mwembamba mno wewe," akasema,
akanitia kilo ya chumvi mfuko huu wa koti,
kilo ya chumvi mfuko huu.
Nikaenda chuo hivyo, natembea kama punda wa duka.
Sikuruka.

Nikarudi jioni. Ngazi themanini na nane, lifti hakuna,
midomo imekufa ganzi,
na nilipogonga, lililonitoka si permesso.
Lilinitoka lile la kwetu, lenyewe, bila kuitwa:
"Hodi!"
Kimya.
Mlango ukafunguka nusu. Signora Nives, mkononi mwiko.
"Odi? Unamchukia nani?"
Maana kwao herufi h ni bubu,
na odi ni unachukia.
Nikaeleza kwa mikono, kwa vitenzi vilivyovunjika viuno,
kwamba kwetu sauti hutangulia mguu,
kwamba mwenyeji akinyamaza mara tatu, unaondoka.
Akafikiri, mwiko ukidondosha mchuzi sakafuni.
Miaka thelathini alikuwa msahihishaji wa gazeti.
"Lakini odi," akasema, "kwa Kiitaliano cha zamani,
cha vitabuni, pia ni unasikia."
Akarudi jikoni.

Permesso yangu bado. Wamenipa miadi:
Machi, tarehe kumi na tisa,
saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi.
Ile dakika ya kumi na moja naiwaza sana.
Chumvi nilijaribu kuirudisha, akakataa; Januari inakuja.
Na sasa nikifika juu, pumzi imekatika, siku za upepo,
nagonga na kusema hodi,
naye kutoka ndani, kwa neno la vitabuni:
"Odo, odo. Nasikia.
Futa viatu."