Na Mkoba wa Somo

Saa nne usiku, Langoni, bando imebaki robo,
nami nataka kompaila tu, jamani, kompaila moja,
nilijenge upya daftari la punda wagonjwa
alilolitunga kaka Famau kabla ya kuhamia Mpeketoni.

Mashine ikauliza: na maktaba yake?
Nikasema nayo.
Na maktaba ya maktaba? Na kiunganishi?
Na toleo la kumi na mbili,
si hilo la kumi na moja ulilo nalo?
Umeposa binti mmoja,
wamekuja na shangazi, na somo, na mkoba wa somo.

Nikapandwa na hasira. Nikaamuru la kumi na moja liondoke.
Ikanijibu kwa adabu:
vifurushi mia mbili na vitatu vitaondoka nalo,
pamoja na saa, na herufi, na dirisha hili unalolisoma.
Niendelee?

Kidole kikaganda.
Chini kichochoroni punda wa Bi Mwanakheri akakohoa,
yule wa kidonda cha bega, namba themanini na nane;
kipimo cha dawa yake kimo ndani ya daftari lisilofunguka.

La.

Nimelelewa kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.
Kumbe kompaila nayo
hujengwa na kompaila iliyoitangulia,
na hiyo na nyingine, na hiyo na nyingine,
hadi kwa mtu aliyeandika tarakimu kwa mkono,
naye, sijui, kalamu aliazima kwa nani.

Nikanunua bando ya shilingi hamsini.
Vifurushi sitini na kimoja vitashushwa. Niendelee?

Ndiyo. Na mkoba wa somo uje.