Chali

Daktari kaniambia nilale chali,
sakafuni, si kitandani, juma zima:
pingili mbili za uti zimegombana.
Basi nimelala. Cherehani tatu za watu zaningoja,
ya Mbodze imefunguliwa tumbo, haina hata bobini,
nami nahesabu boriti
kama maiti aliyesahauliwa kuoshwa.

Jana mvua ya kwanza imeipiga Malindi.
Leo usiku wadudu wamefuata taa.
Mmoja akaigonga, akaanguka
shubiri moja na sikio langu.
Chali.

Mwembamba, kahawia, mng'avu,
mfano wa kokwa ya tende iliyokwisha kunyonywa.
Mende angepapatika, angezunguka, angeniaibisha.
Huyu alikunja miguu sita, mifupi isiyofika chini,
akabana papasi zake, akawa jiwe.
Nilidhani kafa.

Tak!

Akapanda hewani kimo cha sindano tano,
akashuka.
Chali tena.

Miaka thelathini nafungua mitambo,
sikuweza kumwacha hivihivi. Nikamulika kwa simu.
Chini ya kifua ana kijiti, kama ulimi wa kitasa,
na mbele ya tumbo kishimo cha kukipokea.
Hupinda mgongo. Kijiti hukwama ukingoni.
Hapo sasa misuli huvuta, huvuta,
polepole, kama mtu anayeweka akiba ya arusi,
mpaka ukingo ushindwe kushika,
na kijiti kitumbukie nyumbani kwake mara moja.
Mwili wapinduka, sakafu yamrusha.
Miguu haina habari.

Tak! Akagonga guu la cherehani ya Mbodze.
Chali.

Nikaona kasoro ya fundi wake, au hekima, sijui:
nguvu kapewa, shabaha hakupewa.
Anarusha kete kwa mgongo wake mwenyewe.

Watoto wa Msabaha humwita kialika,
humlaza kiganjani wapate kushtuka.
Dada yangu Nyevu hachezi naye.
Yeye amjua utotoni,
buu la rangi ya shaba, gumu kama waya,
miaka mitatu, minne, gizani chini ya matuta,
likitoboa viazi vitamu
tundu jembamba, safi, la msumari.
Kiangazi huzama kufuata unyevu,
masika hurudi juu, na njaa yake.
Mnunuzi wa sokoni hukigeuza kiazi, hukirudisha.
"Miaka minne ananila," Nyevu husema,
"kisha aota mbawa, aenda kucheza na taa yako."

Nikamkumbusha gogo la mnazi lililooza nyuma ya zizi:
humo tuliona buu la ukoo huohuo,
taya ndani ya buu nono la chonga,
yule chonga aliyemuulia minazi miwili.
Nyevu akanyamaza kidogo.
"Basi huyo wa gogoni abaki.
Huyu wa viazi nimewaachia kuku."

Tak!
Nusura. Alisimama ubavuni kufumba na kufumbua,
akalala.

Dama akaingia na ufagio.
"Usimfagie," nikasema.
"Nani?"
"Mwenzangu."
Akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine,
akaenda zake kufagia baraza.

Ya tano, au ya sita, nilipoteza hesabu,
akatua kwa miguu.
Hakushangilia. Alikaa kimya
kama aliyeitwa jina na mtu asiyemwona,
akanyoosha papasi, akashika njia,
mdogomdogo, chini ya cherehani, kwenye vumbi la nyuzi.

Nikazima taa ili aende atakako:
nje kuna majani mabichi,
kuna mchanga uliolowa, kuna jike pengine,
na mayai, na viazi vya Nyevu.

Giza. Mbu. Mgongo.
Usingizi ulikuwa umenifika puani
niliposikia, huko chini ya mashine ya Mbodze:

tak.

Nikacheka, na zile pingili mbili
zikanikataza.