Laini ya Edmonton

Ndani ya droo ya jikoni, hapa Donholm,
kati ya viberiti na risiti za tokeni za stima,
kuna simu kuukuu yenye ufa usoni.
Simpigii mtu. Hakuna anipigiaye.
Kila mwezi nailipia dola kumi na tano
kama mtu anayelipia kaburi lisiote magugu,
maana bila nambari ile tarakimu sita haziji,
na bila tarakimu sita mlango haufunguki,
na nyuma ya mlango ndiko iliko
miaka yangu kumi na mmoja.

Niliiweka mwenyewe. Hakuna dalali aliyenishika mkono,
ndiyo maana leo sina wa kumlaumu.
Usiku nilipanda kikapu cha kreni uwanjani
nikizipulizia ndege dawa ya kuyeyusha barafu,
kope zikigandana,
na kila baada ya wiki mbili, mshahara ukiingia,
nilinunua vipande vya mfuko wa fahirisi:
kidogo cha reli, kidogo cha benki, kidogo cha mbolea,
punje ya kila kampuni kubwa,
hata zile zilizoninyima kazi.
Kisha, mwaka ule kila mtu alipokuwa nabii,
nikatia na bitkoini,
si nyingi, kiasi cha chumvi kwenye mboga.
Kumbe chumvi hii hailali:
leo kijiko, kesho gunia,
keshokutwa ladha tu ulimini.

Niliporudi niliwaandikia kwamba nimehama.
Mghoi alinicheka: "Ukweli wote huo wa nini?"
Jibu likaja kwa adabu ya daktari:
waweza kushika, waweza kuuza;
kununua, hapana.
Tangu siku hiyo mimi ni mchungaji
aliyeruhusiwa kuchinja tu,
asiongeze hata ndama.

Saa kumi na nusu alasiri, mafundi wa jirani wakikunja turubai,
Toronto hufungua jicho.
Kuanzia Novemba hulifungua saa kumi na moja na nusu,
huko wamerudisha saa nyuma.
Hapa jua halirudishwi na mtu.
Nautazama mstari,
kijani, nyekundu,
Mghoi akikaanga vitunguu mgongoni mwangu.
"Inasemaje?"
"Imeshuka."
"Mama anasema ploti ya Joska haishuki."
Kweli haishuki. Huuzwa tu mara tatu, kwa watu watatu,
na wote watatu wana hati.
Lakini hilo silisemi. Ploti waweza kuikanyaga,
waweza kumpeleka mama mkwe Jumapili
aipime kwa hatua zake, viatu mkononi.
Changu mimi ni cha kutazama
kupitia kioo kilichopasuka.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari ninalo.
Habari ninazo, nyingi mno, kila sekunde.
Mali ndiyo siijui ilipo.

Juzi, saa tisa za usiku, droo ikalia.
Nilijua nimeibiwa. Nilikimbia miguu mitupu
huku nikihesabu kitakachokuwa kimebaki,
nikaangusha viberiti, nikaipata, nikaitika
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufilisika.

Alikuwa Tsegaye, wa zamu ya usiku.
"Mwakio! Kumbe nambari bado i hai?"
Alikuwa ameketi kikapuni, ndege haijafika.
Akaniambia theluji ya kwanza imeanguka mapema,
akaniambia glavu zangu wamempa kijana mpya
na hazimtoshi, anazivaa tu hivyo hivyo,
vidole vikipwaya kama matiti ya bibi.
Tulicheka mpaka Mghoi akawasha taa.
Hakuniuliza bei. Sikumtajia.
Kwa mbali nilisikia injini ikikaribia,
akasema, "Ngoja, nakuja," kama vile
ningekuwa bado pale akirudi.

Nikaokota viberiti kimoja kimoja.
Asubuhi nikalipia mwezi ujao,
siku tano kabla ya tarehe.