Vibaba Vinne

Saa moja na robo, kule Limbani,
hugongwa rimu ya gari, na watoto hukimbia.
Asaa hanyanyui uso. Anapanga vijiti.
Mimi ndiye ninayeshtuka,
mimi niliyeishia kidato cha pili
kwa kukosa alama sita,
leo mwalimu mkuu wa skuli ya mtu mmoja,
ubao wake mlango wa jiko,
kengele yake chai inapofurika.

Skuli walimwambia: Soma.
Akasimama na kitabu mbele ya wenziwe themanini na saba.
"Bahari" ikamkwama kwenye ba,
ba, ba, kama mlango uliovimba kwa masika,
na darasa zima likamsaidia, ba! ba! ba!
hata mwalimu akaziba mdomo asicheke.
Tangu siku ile akaitika kwa kichwa.
Maji aliyaomba kwa kidole.

Nikamtoa.
Sheha akaja na daftari lake, akakataa kuketi.
Bi Mgeni wa nyumba ya pili akasema
mtoto si yai la kuatamiwa,
akasema na mengine, nikamjibu machache,
sasa hatuazimani hata kinu.
Babake akapiga simu kutoka Unguja:
"Utamsomesha nini, Mwanakheri?"
Sikujibu. Swali lilikuwa zuri.

Usiku, umeme ukikatika,
nashona kofia ya watu kwa tochi ya simu
na kitabu cha darasa la nne kiko pajani.
Naisoma leo nitakayomfunza kesho,
kama anayetandika mkeka
na mgeni keshapiga hodi.

Hesabu nilizikuta jikoni:
kibaba cha mchele ni robo ya pishi,
viwili nusu, vitatu robo tatu.
Nyengine zilikuwa kwenye kofia,
safu kwa safu, vitobo ishirini na nne.
Sayansi ni kuku aliyetotoa saba katika mayai tisa,
na yale mawili tuliyapasua tukayatazama,
pua tumeziba.
Jiografia iliniponyoka. Nilichora Afrika mlangoni
ikafanana na fenesi.

Na hili nalo niliseme.
Jumatano moja nilimwambia: Soma.
Akaanza. Likakwama.
Nami nina kofia ya watu kabla ya Idi,
nina wali unashika moto, nina deni la uzi,
nikapiga meza kwa kiganja: Sema basi!
Sauti iliyotoka haikuwa yangu.
Ilikuwa ya darasa lile, wote themanini na saba.
Akafunga kitabu polepole,
kama anayefunika chakula nzi wasitue.
Siku mbili, nyumbani mwangu, kidole tu.

Ya tatu nikafundisha bila kugeuka.
Nikaandika mlangoni: robo na nusu,
jumla yake robo mbili.
Nyuma yangu nikasikia pumzi,
kisha m,
kisha m nyengine, ndefu,
nami chaki mkononi, ulimi nimeuma,
nisimsaidie,
nisimalizie neno lisilo langu,
wali na uungue,
m,
"mama, si mbili. Ni tatu."
Akachukua kibaba akanipimia kwenye chungio,
kimoja, viwili, vitatu.
Cha nne akakiacha kitupu, akanitazama.
Nilifuta kwa ncha ya kanga.

Bado hukwama. Sikusema kapona.
Siku nyengine "asubuhi" hufika adhuhuri.
Mimi ndiye niliyehitimu kidogo: najua kungoja,
na ninapokosea siku hizi
si mara zote huwa sikujua.

Mchana rimu hugongwa tena, wanatoka.
Haroub, mjukuu wa Bi Mgeni,
hupenyeza pera kwenye tundu ya ua
akakimbia bila kusema kitu.
Asaa hula nusu.
Nusu huirudisha pale pale tunduni,
na kesho yake haipo.
Sijamuuliza.