Umesahau Chenji

Meza ya nne wameshuka mlimani jana,
pua zimechubuka, midomo imepasuka,
wanafakamia mtori kama wamefungua swaumu.
Mmarekani anapiga hesabu kwa simu,
asilimia ishirini, hadi senti,
halafu ananitazama kama anayeomba radhi.
Mjerumani anafunga hesabu: elfu thelathini na saba
iwe arobaini, mkono hewani, yameisha.
Mjapani anasimama, anainama,
anasema ahsante kwa sauti iliyonyooka
na haachi kitu.
Mama Ndetaramo, mwenye hoteli, anasonya: "Bahili."
Mimi siku hizi sisemi.

Kaka yangu Eliamani yuko Houston, anabeba sahani.
Alinipigia usiku, kwake mchana:
"Huku tajiri ananipa dola mbili na senti kumi na tatu kwa saa.
Nyingine zote ziko mfukoni mwa mteja,
na mteja akigombana na mkewe
mimi ndiye ninayelala njaa."
Nikacheka, nikidhani ni utani.
Kumbe yule wa meza ya nne hakunipa zawadi.
Alikuwa analipa deni la kwao
kwa mtu asiyemdai.

Na Mjapani? Mgeni mwingine alinieleza
kwamba kwao ukiacha hela mezani
mhudumu atakukimbiza hadi barabarani:
"Umesahau!"
Nikamuuliza, analipwa ngapi huyo anayekimbia?
Akafikiri.
"Sijui. Sijawahi kuuliza."

Mshahara wangu ni laki na themanini.
Chumba Pasua, hamsini. Luku inameza kimya kimya.
Kinachobaki nakigawa
kama mtu anayekata mche wa sabuni kwa uzi.
Kwa hiyo sijifichi, bakshishi naipenda.
Noti chini ya kisahani haina sauti;
sarafu ya mia mbili ina kelele nyingi
na mwenye nayo hutaka aonekane.

Jumamosi tunafungua ndoo.
Ilikuwa ya mayonezi, harufu haijatoka.
Mama hutoa kwanza "ya vyombo vilivyovunjika,"
hata wiki ambayo hakikuvunjika kikombe.
Kisha sisi: mimi, Kundaeli, mpishi Shafii,
na Nakijwa wa masufuria
ambaye hakuna mgeni aliyewahi kumwona uso.
Kundaeli akasema, "Yeye nani alimwachia?"
Nakijwa akafuta mikono kwenye khanga,
vidole vimenyauka kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni.
"Sahani ingekuwa na yai la jana, wewe ungeachiwa?"
Nikatazama kiatu changu cha kulia.
Ndani, chini ya soli,
Mmarekani alikuwa amekunjwa mara nne.
Sikumtoa.

Jumatatu ni siku yangu ya kupumzika.
Nikaenda Kiborloni kutafuta sketi, njaa ikanikuta,
nikaketi kwa muuza ndizi,
meza ya plastiki, mguu mmoja umefungwa waya.
Msichana akaniletea maji ya kunawa,
akamimina polepole, akangoja nimalize kila kidole.
Nilikuwa sijui kukaa.
Mara mbili nilinyanyuka kubeba sahani yangu.

Elfu mbili na mia tano. Nikatoa elfu tatu.
Mia tano: nauli. Au fungu la nyanya.
Na mimi, mjuzi wa mikono ya watu,
nikawa Mjerumani, nikawa Mjapani,
nikawa yule bwana wa Soweto
anayengojea mia yake huku anachokonoa meno.
Sikuingoja. Nikaondoka haraka
kama mwizi.

Nilishafika kwenye mitumba ya viatu
niliposikia kandambili zinapiga lami.
"Dada! Dada! Umesahau chenji!"
Anahema. Mkono umenyooka.
Sikujua niseme nini. Nikamuuliza jina.
"Anansia."
"Wanakulipa ngapi, Anansia?"
Akageuka akatazama kule jikoni,
kisha akanijibu kwa kunong'ona,
na kiatu changu cha kulia
kikaanza kunibana.